Tangazo likisema "Kifaransa ni lazima": mwongozo wa lugha, kazi na mipaka kwa watu wa Arusha na Moshi

Ukitoka Mnara wa Saa kwa miguu kwenda AICC, kile kituo cha mikutano ya kimataifa, njiani utasikia Kiswahili cha wauza batiki, Kimaasai, Kiingereza cha watalii, na ukishaingia jengoni utaanza kusikia Kifaransa kwenye korido. Mji huu ni makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iko hapa, na kule Lakilaki kuna taasisi ya Umoja wa Mataifa iliyorithi kazi za mahakama ya mauaji ya kimbari ya Rwanda, ambayo lugha zake rasmi ni Kiingereza na Kifaransa. Moshi nako, mlima unaleta wageni wa kila lugha. Halafu kuna Namanga upande mmoja na Holili upande wa pili, Kenya ikiwa hatua chache mbele.

Kwa hiyo mtafuta kazi wa huku hukutana na sharti la lugha mapema kuliko mwenzake wa Singida. Nimefanya kazi ya kutafsiri kwa miaka kadhaa, na mara nyingi nimeombwa nisaidie kuchambua barua za maombi. Nimeona makundi mawili. La kwanza hukunja tangazo likishaona neno "lazima". La pili huandika "fasaha" kwenye CV, likamwachia Mungu. Yote mawili yanapoteza kazi.

Hatua ya 1: Soma kazi kwanza, lugha baadaye

Chukua kalamu. Kwenye tangazo, ruka ule mstari wa lugha, nenda kwenye orodha ya majukumu. Kila jukumu liandikie pembeni: hapa nitaongea na nani, nitamwandikia nani, na kwa lugha gani?

Tuseme kampuni ya kupandisha watalii Moshi inatafuta mhasibu, na tangazo linasema Kijerumani ni lazima. Majukumu ni kulipa mahoteli, kupeleka ritani TRA, kulipa ujira wa wagumu, yaani wapagazi, wanaporudi kutoka mlimani, na kupatanisha hesabu za benki. Mgumu gani analipwa kwa Kijerumani? Lakini kama mstari wa tano unasema "kufuatilia malipo ya mawakala wa Ujerumani kwa simu na barua pepe", hapo sharti limepata mguu wa kusimamia. Huyo mhasibu ataongea na Munich kila wiki.

Mimi huyagawa masharti ya lugha katika mafungu matatu. Kuna lugha ya kazi yenyewe: mpokea wageni asiyeelewa mgeni hana kazi ya kufanya pale kaunta. Kuna lugha ya usalama na ya wenzako: jikoni, karakana, au usiku wa kuelekea kileleni, mtu akipiga kelele "simama!" lazima uelewe papo hapo, hata kama kazi yako ni kubeba tu. Halafu kuna lugha ya kuchujia watu, ile inayowekwa ili barua mia tano zipungue ziwe hamsini, au ili kiti kimfikie mtu ambaye tayari ameshachaguliwa. Mafungu mawili ya kwanza yaheshimu. La tatu ndilo la kuhoji.

Sheria yetu inakupa pa kushika. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 7, inakataza ubaguzi kazini kwa misingi kama utaifa, kabila, mahali mtu alikotoka, rangi na asili ya kijamii. Lugha haimo kwenye orodha hiyo. Lakini sheria hiyohiyo inasema si ubaguzi kumchagua mtu kwa sababu ya jambo ambalo kazi yenyewe inalidai. Geuza sentensi hiyo uitazame upande wa pili: mwajiri anayetumia lugha kama njia ya kuwafungia nje watu wa taifa au mahali fulani anapaswa kuonyesha kuwa kazi ndiyo inayoidai lugha hiyo.

Wenzetu wa Ulaya wamelipiga msasa jambo hili kwa miaka mingi. Sheria zao hazitufungi sisi, ila zinafaa kama rula ya kupimia. Kanuni namba 492 ya mwaka 2011 ya Umoja wa Ulaya, inayosimamia uhuru wa wafanyakazi kwenda nchi yoyote mwanachama, inaruhusu sharti la lugha pale tu linapotokana na aina ya kazi. Kesi mbili zilizoitangulia kanuni hiyo zinaeleza vizuri. Ya kwanza iliamuliwa mwaka 1989: Anita Groener, Mholanzi aliyekuwa akifundisha sanaa Dublin kwa Kiingereza, alinyimwa ajira ya kudumu kwa sababu alishindwa mtihani wa Kiairishi. Mahakama ya Ulaya ilisema sharti hilo linaweza kukubalika, kwa kuwa Ireland ilikuwa na sera ya kuikuza lugha yake na mwalimu ana nafasi katika sera hiyo, mradi sharti lisizidi kipimo na lisiwabague wageni. Mwaka 2000 ikaja ya Angonese, kijana wa kaskazini mwa Italia aliyeomba kazi benki. Alijua Kijerumani na Kiitaliano, lakini benki ilitaka cheti kimoja tu cha lugha mbili, kinachotolewa mkoani humo na si kwingine. Hapo mahakama ilikataa: ujuzi wa lugha unaweza kudaiwa, ila huwezi kusema hauthibitishwi ila kwa karatasi ya mahali pamoja.

Sasa rudi Arusha na hiyo rula. Tangazo likisema "Kiingereza fasaha cha kuandika ripoti", hilo ni sharti la uwezo. Likisema "mzungumzaji wa Kiingereza kama lugha mama", hilo ni sharti la kuzaliwa, na linamtupa nje Mganda mwenye shahada mbili na kumwingiza kijana wa London asiyejua kuandika aya. Ukiwa wewe ndiye mwajiri, na najua wenye mahoteli madogo husoma miongozo kama hii, andika kiwango unachokitaka na kazi ambayo lugha hiyo itafanya. Utapata watu wazuri zaidi, na hutakuwa na la kujieleza baadaye.

Hatua ya 2: Jipime kabla hujapimwa

Mficha uchi hazai. Nilipokuwa na miaka ishirini na kitu niliandika kwenye CV "Kifaransa: vizuri". Nilikuwa nimesoma miezi mitano. Kwenye usaili, mama mmoja wa makamo akaniuliza kwa upole, kwa Kifaransa, nimefikaje pale asubuhi ile. Nilijua neno la basi, nilijua neno la asubuhi. Nikayatamka yote mawili, nikanyamaza. Akatabasamu, akahamia Kiswahili, na maswali yote yaliyofuata yalikuwa ya kunisindikiza mlangoni. Ningeandika "naanza kujifunza" ningebaki na heshima yangu, na ile kazi haikuhitaji Kifaransa kingi hivyo.

Kipimo kinachotumika sana ni kile cha Ulaya chenye ngazi sita, A1 hadi C2. Usikariri maelezo yake, yapime kwa maisha ya hapa. Ukiweza kumtajia mgeni bei ya shuka na kumwelekeza stendi, uko A2. Ukiweza kupiga simu hotelini kubadilisha tarehe za wageni wanne bila kumwita mwenzako, umefika B1. B2 ni pale mgeni anapogoma kulipa bili, mkabishana, mkaelewana, na akaondoka bila kinyongo. C1 ni kuandika ripoti ya kurasa kumi na bosi akaisaini bila kuirekebisha.

Jambo ambalo watu wa utalii hulisahau: kuongea, kuelewa, kusoma na kuandika ni vitu vinne. Nawajua waongoza watalii waliojifunza Kijerumani ndani ya gari, mgeni baada ya mgeni, wanaokizungumza mpaka wanatania, lakini barua pepe ya mistari mitatu inawatoa jasho. Huo si udhaifu wa kuficha. Andika kwenye CV kila kimoja na ngazi yake: "Kijerumani: kuongea B2, kuandika A2." Mwajiri anayetafuta mtu wa gari atakupigia, na anayetafuta mtu wa ofisi hatakupotezea nauli.

Kuhusu vyeti, usilipie mtihani kabla hujajua ni upi unaotakiwa. Vyeti vya Kifaransa vya DELF na DALF haviishi muda. Matokeo ya mitihani ya Kiingereza ya IELTS na TOEFL huhesabiwa kuwa hai kwa miaka 2, kwa hiyo ukifanya mapema mno unaweza kulipa mara mbili. Kwa Kifaransa, Alliance Française ipo Arusha. Kwa Kijerumani, Goethe-Institut iko Dar es Salaam, basi hesabu na nauli na mahali pa kulala. Na kama tangazo halitaji cheti, usikimbilie kukitafuta. Mara nyingi mazungumzo ya dakika kumi kwenye usaili ndiyo mtihani.

Na Kiswahili je? Tusijidanganye kuwa kila mtu wa Afrika Mashariki anakijua sawasawa. Namfahamu mpishi kutoka Kisumu aliyeomba kazi kwenye hoteli moja Moshi. Tangazo lilidai "Kiswahili sanifu". Akaogopa, kwa kuwa Watanzania humcheka akifungua mdomo. Nikamwambia soma majukumu: kupika, kuagiza vitu sokoni, kusimamia wasaidizi wawili. Hapo panahitajika Kiswahili cha kuelewana, si cha kutungia mashairi. Akaomba, akapata, na sasa wasaidizi wake ndio wanaosema kama yeye. Kwa anayetaka kufundisha Kiswahili kwa wageni au kutafsiri nyaraka rasmi, hapo habari ni nyingine, na mlango wa kugonga ni Baraza la Kiswahili la Taifa, BAKITA.

Hatua ya 3: Uliza kabla ya kuomba

Watu wengi hawafanyi hivi, wanaona ni usumbufu. Ujumbe mfupi wa heshima haujawahi kumnyima mtu kazi. Unaweza kuandika hivi:

"Habari za kazi. Nimeona tangazo lenu la nafasi ya mhasibu. Naomba kuuliza, Kijerumani kilichotajwa kitatumika katika majukumu gani, na kwa kuongea au kuandika? Nina uwezo wa kuongea wa kati na ningependa kujua kama unatosha, au kama mnampokea mtu anayeendelea kujifunza. Asanteni sana."

Jibu litakuambia mengi kuliko tangazo. Wakikujibu "tunahitaji mtu wa kupokea simu za wateja", unajua ulipo. Wakijibu "ni utaratibu wa ofisi tu", sharti linaweza kulegea, omba. Wasipojibu, omba hivyohivyo, ila utunze ujumbe wako.

Hatua ya 4: Kama kazi iko ng'ambo ya mpaka

Hapa ndipo maneno ya vijiweni yanapowaponza watu. Utasikia: "Siku hizi ni soko la pamoja, unavuka Namanga unafanya kazi unavyotaka." Itifaki ya Soko la Pamoja la Jumuiya ya Afrika Mashariki ilisainiwa mwaka 2009 na kuanza kutumika Julai 1, 2010, na ni kweli inataja uhuru wa wafanyakazi na kukataza ubaguzi wa uraia katika ajira, mshahara na masharti ya kazi. Lakini uhuru huo una kibali ndani yake.

Utaratibu wa itifaki uko hivi. Mkataba usiozidi siku 90, unaomba pasi maalumu. Ukizidi siku 90, unaomba kibali cha kazi ndani ya siku 15 za kazi tangu mlipofunga mkataba, na mamlaka husika inapaswa kukushughulikia ndani ya siku 30. Kibali cha kwanza huwa hadi miaka 2, kisha unahuisha. Mkataba unatangulia, kibali kinafuata. Anayekuambia "njoo kwanza, mkataba utaupata ukishazoea" anakuweka pabaya.

Kisha angalia kama kazi yako imefunguliwa. Kila nchi iliweka orodha ya aina za wafanyakazi inaowapokea chini ya itifaki, na orodha hazifanani. Utumishi wa umma umeachwa nje isipokuwa sheria ya nchi iruhusu. Na nchi hufunga milango mingine kwa sheria zake. Kwetu hapa, kuongoza watalii ni kazi ya Watanzania, na amri ya serikali ya mwaka 2025 imeitaja tena miongoni mwa biashara ambazo asiye raia haruhusiwi kuzifanya, pamoja na nyingine kama uwakala wa kutuma pesa kwa simu na ufundi simu. Kwa hiyo Mkenya anayejua Kifaransa, Kihispania na Kirusi hata akiwa na ufasaha wa ajabu, kazi ya kuongoza watalii Serengeti hapati. Lugha haifungui mlango uliofungwa na sheria nyingine. Jua hilo kabla ya kulipa ada ya kozi.

Anayekuja kufanya kazi Tanzania atahitaji vitu viwili, na watu huvichanganya: kibali cha kazi kutoka kwa Kamishna wa Kazi, chini ya Sheria ya Uratibu wa Ajira za Wageni ya mwaka 2015, na kibali cha ukaazi kutoka Uhamiaji. Mwajiri ndiye anayebeba maombi. Mwulize waziwazi nani analipa.

Taaluma nayo ina mlango wake. Wahasibu, wasanifu majengo, wahandisi na madaktari wa mifugo wana makubaliano ya kutambuana ndani ya Jumuiya, ingawa bado utajisajili kwenye bodi ya nchi unakokwenda. Shahada ya nje inayoletwa hapa hupelekwa Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, na vyeti vya sekondari vya nje Baraza la Mitihani, NECTA. Kama karatasi zako ziko kwa Kifaransa, kama zilivyo za ndugu zetu wengi wa Burundi na Kongo, anza na tafsiri iliyothibitishwa. Usimpe rafiki aliyesoma Kifaransa kidogo akutafsirie. Nimeona neno moja la cheo cha shahada likichelewesha faili.

Na kwa wanaoota kazi ndani ya Jumuiya yenyewe, pale Barabara ya Afrika Mashariki: Mkataba wa Jumuiya ulikitaja Kiingereza kuwa lugha rasmi, na Kiswahili kikaachwa kikuzwe kama lugha ya mawasiliano. Mwaka 2021 wakuu wa nchi waliamua Kiswahili na Kifaransa navyo viwe lugha rasmi. Uamuzi ni mzuri na mimi nilishangilia. Lakini usiende usaili na Kiswahili peke yake kwa sababu ya uamuzi huo. Tangazo ndilo linalokuajiri.

Hatua ya 5: Ukilenga mbali zaidi

Wauguzi wa Moshi huniuliza sana kuhusu Ujerumani na Uingereza, nitasema kwa kifupi. Uingereza, baraza la wauguzi linataka IELTS alama 7, isipokuwa kuandika ambako 6.5 inatosha. Ujerumani, muuguzi kwa kawaida hudaiwa Kijerumani cha B2, na kutoka sifuri hadi hapo ni kazi ya mwaka mzima au zaidi kwa mtu anayesoma kwa bidii. Anayekuahidi B2 kwa miezi mitatu anauza kitu kingine. Kabla ya kumpa wakala hata shilingi, hakikisha kwenye ofisi ya kazi au TaESA, huduma ya ajira ya serikali, kuwa ana leseni.

Hatua ya 6: Mkataba

Sheria yetu inataka mkataba wa mfanyakazi, awe anafanya kazi ndani au nje ya nchi, uwe wa maandishi. Inataka pia mwajiri ahakikishe kuwa mfanyakazi asiyeelewa maelezo yaliyoandikwa anaelezwa kwa namna anayoielewa. Kwa hiyo ukipewa kurasa nane za Kiingereza na kalamu juu yake, una haki ya kusema: "Naomba nielezwe kwa Kiswahili kabla sijasaini." Sema kwa adabu, lakini sema. Bosi akikasirika kwa swali hilo, umejifunza jambo mapema.

Tafuta mambo matatu humo ndani. Kama lugha imetajwa, ni kwa ngazi gani, na nini kitatokea usipoifikia katika kipindi cha majaribio? Kozi ikihitajika, nani analipa, na ni saa za kazi au za kwako? Mwajiri akikulipia kozi, umefungwa kumtumikia miaka mingapi, na ukiondoka kabla unarudisha kiasi gani? Hilo la mwisho limewaliza wengi.

Hatua ya 7: Ukikataliwa au ukifukuzwa kwa sababu ya lugha

Omba sababu kwa maandishi, hata kwa barua pepe ya mstari mmoja. Kisha rudi kwenye ile karatasi ya hatua ya kwanza. Kama majukumu yalidai lugha na wewe hukuwa nayo, kubali, jipange na kozi. Kama hayakuidai, au kama mwenzako wa taifa lingine asiyejua lugha hiyo alichukuliwa, una jambo la kupeleka mbele.

Mlango wa kwanza ni Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA. Unajaza fomu namba 1, unampa mwajiri nakala, unaipeleka ofisini kwao pamoja na uthibitisho kuwa mwajiri ameipokea. Muda ni mfupi: siku 30 kama umeachishwa kazi, siku 60 kwa migogoro mingine. Watu huzimaliza siku hizo wakisubiri bosi apoe. Beba tangazo la awali, na kwa kuwa matangazo ya mtandaoni hufutwa, lipige picha siku ileile unayoliona. Beba na ule ujumbe wako wa hatua ya tatu, majibu yao, barua ya kukataliwa na bahasha yake kama ina tarehe.